Ombi la Kubomoa Mtelezo Uliomharibu Mama Mkwe

Ndugu Meneja wa Bustani ya Maji,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mkavu. Mimi ni karani wa mahakama, mume wa mtu na baba wa watoto watatu. Nakuandikia kwa masikitiko kuhusu yaliyompata Mama mkwe wangu akiwa mikononi mwenu.

Ujue kwamba sikukurupuka. Likizo ilipokaribia nililinganisha bustani tatu za maji. Ya kwanza ilikuwa na mtelezo mrefu kuliko jengo letu la mahakama, nikaikataa. Ya pili ilikuwa na bwawa la mawimbi, nami mawimbi ya nyumbani yananitosha. Yenu niliichagua kwa picha moja tu ya tangazo: bibi mmoja kakaa chini ya mwavuli, katulia tuli, analinda mabegi. Nikasema, huyo ndiye Mama mkwe. Tangu Baba mkwe afariki, kila tukimwalika mahali hujibu, "Nyie nendeni, mimi nitalinda vitu." Malalamiko yangu ni haya:

1. Mhudumu wenu wa getini alimwambia kuwa wazee wanateleza bure. Ndugu Meneja, neno "bure" halitamkwi ovyo mbele ya watu wazima. Mabegi yalibaki na mwavuli.

2. Kule juu ya mtelezo, mlinzi alimwuliza kama ana uhakika. Akajibiwa, na bwawa zima likasikia, "Nimezaa watoto sita, wewe unaniuliza uhakika? Nisukume!" Mlinzi akatii. Nawapongeza kwa utii.

3. Mimi nilikuwa nimesimama chini, maji ya magoti, miwani usoni. Miaka yote hii mkwe wangu nami tumeheshimiana kwa kusalimiana huku tukitazama sakafu. Siku hiyo alinifikia kwa kutanguliza miguu. Nilipoibuka nikaanza, kama nilivyolelewa, "Shikamoo Mama..." Akanikatiza: "Marahaba, sogea, narudi tena!" Miwani haijaonekana mpaka leo.

4. Alicheka. Hili ndilo zito. Mke wangu, aliyekuwa akimfuta mtoto kichwa, aliliacha taulo likaanguka, akalia mbele za watu. Nikamwuliza kulikoni. Akasema, "Nilidhani kicheko hicho tulikizika na Baba." Sasa niambie, ni kifungu gani cha tangazo lenu kilichotutahadharisha kuhusu jambo kama hilo?

5. Tangu turudi, Mama mkwe hapatikani. Jumamosi tukitaka kumwachia watoto, anatuambia naye ana ratiba zake. Amenunua miwani ya kuogelea, anaivaa akikata vitunguu. Mimi ananiita Jiwe, kwa jinsi nilivyozama.

Kwa hiyo naomba mtelezo huo ubomolewe, au angalau pabandikwe kibao: "Mama mkwe mwisho hapa." Mkishindwa yote mawili, basi mturudishieni Mama mkwe kama alivyokuwa.

Nisalimie wahudumu wote, hasa yule mlinzi mtiifu, na wa nyumbani kwako pia, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi, ninayelalamika kwa heshima zote,
Mkwe Aliyekanyagwa.

Nyongeza: Barua hii imelowa, niwie radhi. Niliileta kwa mkono, nikaona si adabu kufika getini nisiingie. Tafadhali msibomoe kitu kabla ya Jumapili. Tunakuja na dada yake Mama mkwe, mjane mwenzake, ambaye mwaka mzima hajavuka kizingiti cha nyumba yake. Anasema anakuja kutazama tu. Mwandalieni boya kubwa.