Ipandisheni Minnesota, Mke Wangu Arudi

Delbert Haugen,
Chumba cha chini, nyumbani kwa dada yake Ardis,
Kettle Prairie, Minnesota.
Novemba 19

Mhariri Mkuu,
Jarida la Wapi Tuishi.

Ndugu Mhariri,

YAH: KUIFANYA MINNESOTA KUWA NAMBA MOJA KABLA YA KRISMASI

Kichwa cha barua kinajieleza, lakini nitakieleza zaidi kwa sababu nafasi ninayo. Dada yangu Ardis ameenda kanisani kushona mablanketi ya msaada na hatarudi kabla ya saa kumi.

Mimi ni msomaji wenu wa miaka tisa. Nilikuwa fundi wa mabasi ya shule kwa miaka thelathini na nne, kazi isiyomfundisha mtu kulalamika, kwa kuwa basi halisikii. Mtaniwia radhi nikikosea utaratibu.

Kila mwaka, mwezi wa tatu, mnachapisha orodha ya miji mia tatu iliyo bora kuishi hapa Marekani. Mnaipa miji alama kwa hali ya hewa, hospitali, usalama na foleni za barabarani. Mimi na mke wangu Arlene tuliifuata orodha hiyo kama wengine wanavyofuata masharti ya daktari wa presha. Tumehama mara nne kwa ajili yenu. Leo mke wangu yuko Louisiana, mimi niko Minnesota, na kati yetu kuna maili elfu moja na mia mbili za mahindi, mito na vituo vya mafuta. Naona ni haki mjue ilivyotokea. Nitayataja malalamiko kwa namba, maana ninyi ni watu wa namba.

1. Arizona. Arlene aliteleza kwenye barafu mbele ya posta yetu hapa, akavunjika kiwiko. Nikamsomea toleo lenu mkono ukiwa kwenye plasta. Namba moja mwaka ule ulikuwa mji wa Arizona, wenye siku mia tatu za jua. Tukauza nyumba, tukaenda.

Jua mlilisema, Ndugu Mhariri, lakini hamkusema kwamba halina pengine pa kwenda. Mwezi wa saba niliendesha gari nimevaa glavu za kutolea mikate kwenye oveni, kwa kuwa usukani ulikuwa ukichoma. Kila asubuhi tulikung'uta viatu kutafuta nge, na siku moja tukampata. Alionekana amekasirika kutuzidi. Uani hapakuwa na nyasi, palikuwa na changarawe. Kamati ya wakazi ikatuandikia kwamba changarawe yetu imekaa ovyo. Nikaichana kwa reki. Wakaandika tena kwamba mistari yangu inaelekea mashariki ilhali ya mtaa mzima inaelekea kusini.

Hayo tungeyavumilia. Lililonishinda ni kwamba kule hakuna anayekwama. Kwetu mtu akikwama kwenye theluji unamsukuma, na kuanzia hapo ni rafiki yako kwa miaka ishirini, apende asipende. Arizona nilikaa miezi kumi na sita sijasukuma gari la mtu hata mmoja. Nilianza kuyaangalia magari ya majirani kwa matumaini mabaya.

2. Vermont. Mliipa alama kumi kwa kumi katika utulivu. Sibishi. Jirani yetu, mzee Thaddeus Pike, alizungumza nami mara moja katika miezi minane, akasema, "Hapo umeegesha vibaya." Kisha akaingia ndani kupumzika.

Ajabu ni kwamba kila theluji ilipoanguka, tuliamka na kukuta njia yetu imekwisha kuzolewa theluji. Arlene alimpelekea mzee Pike pai ya tufaha ya shukrani. Aliipokea, akaitikia kwa kichwa, akafunga mlango. Sahani ikarudi kibarazani imeoshwa, ina mayai sita, bila neno. Arlene aliniambia anahisi anaishi na malaika waliokatwa ulimi. Alianza kuzungumza na jokofu, nami nikaanza kumsikiliza jokofu anajibu nini.

Tukauliza posta: mgeni huchukua muda gani kuwa mwenyeji? Mama wa pale akatunong'oneza kwamba hata mzee Pike ni wa kuja. Aliletwa mjini akiwa na umri wa wiki tatu, na sasa ana miaka themanini na mmoja. Watu bado wanamtazama waone tabia yake. Tukafunga virago.

3. Oregon. Mvua ilianza Oktoba ikaacha Juni. Mapipa ya taka yalikuwa sita. Jirani, binti mpole sana, alikuja kutuelekeza kwamba mfuko wa majani ya chai ni vitu vitatu, karatasi, majani na uzi, na kila kimoja kina pipa lake. Nilimshukuru, nikaacha chai.

Ila lililonifanya niandike ni hili. Kule kuna njia panda zenye vibao vinne vya kusimama, na watu wa kule wana adabu. Siku moja tulifika magari manne kwa pamoja. Wa kushoto akampungia mkono yule wa kulia apite. Wa kulia akanipungia mimi. Mimi ni mtu wa Minnesota, kwetu adabu ni maradhi ya ukoo. Nikampungia wa mbele. Wa mbele akaweka mkono kifuani, akakataa. Tulikaa pale dakika kumi na saba. Mama wa gari la buluu alizima injini akatoa sweta analofuma. Mwishowe tulishuka tukajuana majina, na hadi leo watatu hao hunitumia kadi za Krismasi. Arlene, aliyekuwa akinisubiri kwa daktari wa meno mdomo ukiwa na ganzi, hakuamini hata neno moja. Hilo ni doa kwenye ndoa yangu, nanyi mji ule mliupa alama tisa katika usalama barabarani.

4. Florida, ambako hatukufika. Mwaka huu namba moja yenu iko Florida, hivyo mwezi wa sita tukaondoka. Gari lilichemka tukiwa Louisiana, kwenye mji mdogo uitwao Pont Rosalie, ambao kwenye orodha yenu ni wa mia mbili themanini na nane. Kabla sijafungua boneti nilijua: pampu ya maji. Kazi ya saa mbili. Lakini spana zangu zilikuwa chini ya kila tulichonacho duniani, nikakubali kuvutwa hadi gereji ya Bwana Alcide Thibodeaux.

Nilimwuliza itachukua muda gani. Akaitazama injini, akamtazama Arlene, kisha akauliza, "Mama, mmekula?"

Ndugu Mhariri, hilo si jibu la fundi. Pamoja na hayo tuliketishwa mezani, tukamwagiwa kaa waliochemshwa na pilipili juu ya magazeti, na mkewe, Bibi Odile, akampa Arlene mwiko. Alimfundisha kupika gumbo, mchuzi wao wa bamia, unaoanza kwa kukaanga unga kwenye mafuta na kukoroga bila kuacha, hata simu ikilia, hata nyumba ikiungua. Mfahamu kwamba mke wangu alikuwa hajawahi kutia pilipili kitu chochote. Kwetu hata chumvi tunaiona ni ya kumwagwa barabarani kuyeyusha barafu.

Pampu mpya ilifika siku ya tatu. Gari lilitengenezwa siku ya ishirini na mbili. Jumatatu palikuwa na msiba, Jumanne samaki walikuwa wanakula chambo vizuri, Jumatano palikuwa na kumbukumbu ya ule msiba. Nikamwomba Bwana Thibodeaux aniachie nifunge pampu mwenyewe. Akaweka mkono begani kwangu, akasema, "Mzee wangu, ukiifunga leo, kesho mmeondoka. Na Ijumaa Arlene ndiye wa kukaanga samaki kanisani. Mimi nitawaambia nini watu?"

Nilitafuta kosa kwenye hoja hiyo, sikulipata kwa wakati.

Kuna jambo jingine la Louisiana. Mama mmoja wa kwaya aliuonja mchuzi wa kwanza wa Arlene, ambao aliutia maziwa, akamwambia, "Mungu aubariki moyo wako, mpenzi." Arlene alifurahia baraka hiyo wiki nzima, akanisimulia mara tatu. Kisha Bibi Odile akamweleza kwamba kule, neno hilo maana yake ni masikini hajui afanyalo. Arlene alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati, machozi yanamtoka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu kabla ya kile kiwiko. Ninaliandika kama lalamiko kwa sababu jarida lenu halina safu ya jambo kama hilo, nami sikuwa nimejiandaa.

Mengine ya kule mnayajua: mbu, joto la kushika kwa mkono, tufani, na kuaga kunakochukua saa mbili, nusu yake mkiwa mmeshaingia garini. Hali ya hewa mmewapa alama mbili kwa kumi, na mmewapendelea.

Siku ya kuondoka nilipakia kila kitu. Arlene alisimama mlangoni pa gereji, aproni kiunoni, mkono mmoja umeshika vitunguu. Akasema, "Delbert, mimi nimefika. Kama wewe bado, nenda salama."

Nilikasirika. Nilimwambia namba moja iko mwendo wa saa nane tu kutoka hapo. Akanibusu shavuni akarudi kwenye chungu, kwa kuwa unga ulikuwa tayari kwenye mafuta. Kwenye makutano ya barabara kuu Florida ilikuwa kulia. Nikakata kushoto, na siku mbili baadaye nikajikuta kwa Ardis.

5. Minnesota. Hapa napo sikuwakuta niliowaacha. Kila mtu ananiuliza, "Arizona vipi?" na kabla sijafungua mdomo ameshaingia dukani. Nalala chini, jirani na friza la nyama ya paa. Juzi palibaki kipande kimoja cha keki. Ardis akasema nile mimi. Nikasema ale yeye. Adabu ya kwetu inataka kukataa mara tatu, lakini tukapoteza hesabu, na keki ikakaa siku tisa mpaka ikaota ukungu. Tuliitupa kwa pamoja, kila mmoja akihema vizuri.

Jumanne nilisukuma gari la mtu lililokwama. Lilitoka, akashukuru, akaenda zake. Nikabaki nimesimama barabarani na koleo langu, sina wa kumsimulia.

Sasa nakuja kwenye ombi. Arlene analiamini jarida lenu kunizidi mimi. Tumehama mara nne na hajapinga orodha yenu hata mara moja. Kwa hiyo naomba kwa heshima:

Kwanza, mtoe toleo la dharura linaloiweka Kettle Prairie namba moja. Baridi iondolewe kwenye safu ya hali ya hewa ihamishiwe kwenye safu ya hifadhi ya chakula, ambako tutashinda kwa haki.

Pili, Pont Rosalie iwe ya mia tatu. Nafasi hiyo ikiwa ina mwenyewe, ongezeni ya mia tatu na moja.

Tatu, ikiwa dhamiri zenu zinakataa uongo, basi ufanyeni uwe ukweli. Mhamishieni hapa Bwana na Bibi Thibodeaux na jiko lao, na kanisa lao, maana bila kanisa hawatakubali. Mzee Pike aletwe kwa ajili ya theluji. Hatawasumbua kwa maongezi njiani. Jua la Arizona tunalihitaji Januari hadi Machi tu, la miezi mingine wabaki nalo. Wale wa Oregon waacheni, huenda bado wako njia panda.

Nne, kama yote hayo hayawezekani, uje mwenyewe, Ndugu Mhariri, tusafiri pamoja hadi Louisiana, umwambie Arlene usoni kwamba mahali anapopapenda ni pa mia mbili themanini na nane. Ningependa nami nisikie atakavyokujibu.

Nisalimie wote ofisini, hasa anayehesabu siku za jua, na mpiga picha anayefanya kila mji uonekane umetoka kuoga. Ardis naye angewasalimia kama angewafahamu.

Ni mimi msomaji wenu, asiye na anwani ya kudumu,
Delbert Haugen

N.B. Kabla sijabandika stempu, Arlene amepiga simu. Nikamweleza kwamba nawaandikia ninyi mumpe sababu ya kurudi. Akauliza, "Jarida lipi hilo?"

Ndugu Mhariri, hajawahi kulifungua. Anasema kila mwezi wa tatu alikuwa akiutazama uso wangu ninapolisoma, tangu nilipostaafu na kukosa kitu cha kutengeneza, akaona mtu anayetaka kuondoka. Basi akawa anafunga mizigo. "Nilijua siku moja utachoka, baba," akasema. "Nilichoka mimi kwanza, ndiyo hivyo tu." Akaongeza kwamba sikukuu ya Shukrani ni wiki ijayo, kiti changu kipo mezani tangu nilipoondoka, ila watu wameanza kukiwekea makoti.

Barua hii msiichapishe. Naituma kwa sababu stempu ni ya Ardis na hapendi kuona kitu kimeharibika. Minnesota iacheni ilipo. Na ile namba mia mbili themanini na nane msiiguse, tafadhali, au ishusheni kidogo: nyumba ya kupanga karibu na gereji ni moja tu, nami nimechelewa.