Kocha Asiyelowa Maji

Jumatatu, 2 Septemba

Siku ya kwanza kazini. Nimekwisha.

Asubuhi nilikuwa mtu mwenye bahati kuliko ukoo mzima: mwalimu wa jiografia, shule ya kimataifa, ughaibuni, tai mpya shingoni! Mkuu wa shule, mama mrefu mwenye upole unaotisha, akaniita mbele ya wanafunzi wote. Akasema nitafundisha jiografia. Makofi. Kisha akasema kwamba mimi pia ni bingwa wa kuogelea na ndiye kocha mpya. Makofi maradufu!

Mimi sijui kuogelea. Hata beseni naliheshimu.

Ni ule usaili wa video. Mkuu aliuliza, zaidi ya jiografia naweza nini. Nikaona kazi inaniponyoka. Mdomo ukajibu wenyewe. Nilidhani shule haina bwawa. Inalo. Kubwa, la buluu, chini kabisa ya dirisha la darasa langu. Siku nzima nimefundisha mabara huku linanikonyeza.

Mwalimu wa michezo nimempa jina la Filimbi, maana haivui hata akila. Aliniuliza naogelea mtindo gani. Nikasema wa kwetu. Akanipima kwa macho kuanzia viatu hadi utosi. Huyu ni adui.

Mazoezi yanaanza Alhamisi.

Jumanne, 3 Septemba

Mpango: kuumwa sikio. Nilijaza pamba, nikaenda kwa nesi wa shule nimeinamisha kichwa. Akauliza ni sikio lipi. Nikaonyesha la kulia. Akasema mbona pamba iko kwenye la kushoto. Nikasema maumivu yanahama.

Alichungulia yote mawili kwa kitochi chake. Akasema tangu aanze kazi hajaona masikio safi namna hii. Kaniandikia cheti kwamba ni mzima na naruhusiwa majini. Tena kakipeleka kwa mkuu yeye mwenyewe! Filimbi kanipongeza kwa sauti kubwa katika chumba cha walimu. Nikashindwa kumaliza chai.

Jumatano, 4 Septemba

Mpango mpya: kama mimi siwezi kuugua, bwawa liugue. Nilimwendea mkuu na uso wa msiba. Nikamweleza kwamba maji yana rangi ya kutilia shaka, kwamba usalama wa watoto ni kwanza, kwamba lifungwe hata muhula mzima. Akanisikiliza kwa makini. Akanisifu. Hapo hapo akampigia fundi.

Alasiri hiyo hiyo maji yamepimwa, vigae vimesuguliwa, bwawa linang'aa kama kioo. Fundi alinishika mkono kwa mikono miwili, akasema makocha wote waliopita hawakumjali. Karibu nilie. Na kwa kuwa mwenye uchungu na bwawa ni mimi, mkuu ameagiza niwe wa kwanza kuingia.

Jamani!

Alhamisi, 5 Septemba

Leo nilikuwa shujaa kwa muda mfupi. Niandike sehemu hiyo kwanza.

Nilikwenda bwawani na suruali na tai. Makusudi. Nani atamwambia mtu mwenye tai aingie majini? Watoto nikawalaza kifudifudi kwenye mabenchi. Nikawaambia kuogelea huanzia kichwani, maji huja baadaye. Wakapiga mikono hewani. Mimi napita katikati yao, mikono nyuma, narekebisha viwiko. Mzazi mmoja akasema hii ndiyo elimu ya kisasa. Filimbi akauma filimbi yake. Raha iliyoje!

Ndipo akasimama binti mdogo mwenye miwani. Nampenda mtoto huyu, anajua miji mikuu yote.

"Mwalimu, tuonyeshe basi. Mara moja tu."

Wote wakadakia: tuonyeshe, tuonyeshe! Mkuu naye akasogea. Nikasema nitaonyesha jinsi ya kujiandaa tu. Nikainama ukingoni, mikono mbele, naeleza umuhimu wa kutopepesuka. Nikapepesuka.

Baridi! Dawa ya maji imejaa puani, tai inaelea mbele ya macho yangu kama samaki. Nikamwita mama. Binti alivua miwani, akaikunja, akaiweka mahali pazuri, akaruka. Akanishika shati.

"Mwalimu, simama."

Nikapiga kelele kwamba siwezi, nakufa.

"Simama tu, Mwalimu. Hapa ni upande wa wadogo."

Nikasimama. Maji yakaniishia kiunoni.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka! Binti alinishika mkono akanitembeza taratibu hadi kwenye ngazi, kama babu yake. Filimbi akavua koti lake akanifunika mabegani. Hilo ndilo limeniuma kuliko yote.

Ijumaa, 6 Septemba

Ofisini kwa mkuu. Nilikuwa na maelezo tayari: msuli ulikaza, jua lilinipiga, tai ilinivuta. Hakuyataka. Aliuliza jambo moja tu: najua kuogelea au sijui? Nikatazama zulia. Nikasema sijui. Neno dogo, lakini lilikwama kama mfupa.

Akashusha pumzi. Akasema siku ya usaili alinichagua nilipoeleza jinsi mto unavyokata bonde. Hakuwahi kusikia mtu akieleza hivyo. Alipouliza lile swali la ziada, kazi ilikuwa yangu tayari.

Kumbe nilidanganya bure kabisa!

Sijafukuzwa. Nipo chini ya uangalizi. Uongo mwingine mmoja na nafungasha virago. Filimbi amekubali kuwa kocha, na atanifundisha kuogelea pamoja na watoto wa chekechea. Nililia kidogo nyuma ya ramani ya dunia.

Naapa hapa, kwa mkono wangu: sitadanganya tena maisha yangu yote.

Jumapili, 8 Septemba

Mama kapiga simu. Akauliza wiki ya kwanza imekwendaje. Nilikusudia kumwambia kweli yote, na nikaanza vizuri kabisa. Nikasema, Alhamisi kuna mtu alitumbukia bwawani.

"Maskini! Nani huyo, mwanangu?"

Hapo pakanishinda. Nikasema ni mwalimu mmoja mgeni. Akauliza ni nani aliyemtoa. Nikasema ni mimi.

Vigelegele! Akamwita shangazi, shangazi akawaita majirani, nikasikia jina langu linazunguka ua mzima. Kisha mama akakumbuka yule mgeni. Akauliza kama ana ndugu huku. Kama anakula. Kama wenzake wanamcheka. Nikasema hana mtu. Nikasema hawamcheki, wanamhurumia, na hiyo ni mbaya zaidi. Mama akalia. Na mimi nikalia.

Akaniambia nisimwache peke yake, naye ni mtoto wa mtu. Tena Jumapili ijayo nimpe simu azungumze naye, ampe pole kwa kinywa chake mwenyewe.

Nikasema bila shaka, mama, ni rafiki yangu sana.

Tangu mchana niko mbele ya kioo najaribu sauti. Nyembamba imekataa. Hii nzito, yenye kikohozi kidogo, imenikaa vizuri. Nadhani mama atampenda.