Kuhamisha Mpaka wa C na D

Jumatatu, 1 Agosti 2005. Tuwan, Kitale.

Kompyuta imegoma! Mimi, Gathii, mwalimu mstaafu wa jiografia, nimekataliwa na kisanduku tunachokifunika kwa kitambaa cha kufuma. Mke wangu Waruguru anataka nyimbo za kwaya yao ziwekwe kwenye CD. Mashine inasema C imejaa, haina hata pa kuandalia kazi hiyo.

Si jambo dogo. Katika nyimbo hizo kuna mmoja ulioongozwa na marehemu Edah, dadake mkwe wetu Wekoye wa Chwele. Tulimzika mwezi wa tano. Sauti yake haiko popote pengine duniani. Jumamosi ni kumbukumbu yake, na Wekoye amewaahidi watu wote kwamba watamsikia Edah akiimba.

Nimechunguza. Diski ni moja, imekatwa vipande viwili. C ni kidogo, ndimo mashine yenyewe inamoishi, kimejaa pomoni. D ni kikubwa, kitupu. Nikamweleza Waruguru kwa mfano wa shamba: jirani mmoja amebanana na ng'ombe wake, mwingine ana ekari za nyasi tupu. Dawa ni kusogeza mpaka. Akauliza si nihamishe tu picha zangu za mawe niziweke D, C ipumue? Nikamwambia huko ni kukwepa tatizo. Halafu zile si mawe, ni miamba.

Kuna fumbo limebaki. A ipo. C ipo. D ipo. B iko wapi? Nimeitafuta asubuhi yote. Namshuku aliyeniuzia.

Jumanne, 2 Agosti.

Nimepata mjini programu ya kuhamisha mipaka, pamoja na kijitabu chake. Nimekisoma na kalamu nyekundu mkononi. Ati kwanza nakili kila kitu cha thamani. Ati kagua diski kama ina hitilafu. Ati kazi ikishaanza usiikatize. Hakuna utangulizi, hakuna mifano, hakuna hitimisho. Nimempa mwandishi sita kwa kumi. Pale penye "usiikatize" nimeandika: Kwa nini? Eleza.

Hata hivyo nimetii. Nimenakili nyimbo zote kutoka C nikaziweka D. Sasa ziko mahali pawili! Nilikunywa chai kama mtu mwenye bima.

Binti yetu Mary Ann, aliyeolewa na Kevin, mwana wa Wekoye, amekuja kutusalimu. Akauliza, Baba, hiyo nakala umeiweka wapi? Nikamwambia D. Akanitazama. Akamtazama mama yake. Wakaenda jikoni wakanong'ona. Watu huchoka upesi na maelezo ya kitaalamu. Baadaye akaniomba nimtafutie ile atlasi yangu ya zamani chumbani. Nilifurahi sana. Niliipata, nikakaa kitandani nikaisoma mpaka Bonde la Ufa lote likaisha. Nilipotoka, Mary Ann alikuwa keshaondoka, na atlasi hakuichukua. Vijana!

Jumatano, 3 Agosti.

Wekoye amepiga simu. Amesikia habari kwa Mary Ann. Kakasirika! Ati nani aliniambia mpaka huhamishwa na mtu mmoja? Ati hata kule kwao bikoni, lile jiwe la mpaka, haing'olewi mpaka majirani wote wawili wasimame hapo, na wazee wawe mashahidi. Nikamkumbusha kwamba hii ni kompyuta. Akajibu, "Mwalimu, mpaka ni mpaka bana."

Nilifikiri sana. Ana hoja. Nimekaa kwenye kamati ya mashamba, najua yanayotokea jirani mmoja akikosekana. Lakini huyu ni bwana mifugo mstaafu. Mara ya mwisho alipokuja aliiuliza kompyuta yangu taarifa ya habari inaanza saa ngapi. Basi, aje. Atajifunza kitu.

Ukaguzi wa hitilafu sikuufanya. Kwa nje diski haina hata mkwaruzo.

Alhamisi, 4 Agosti.

Siku mbaya.

Waruguru alikuwa mazoezi ya kwaya. Wekoye akafika na kuku wa heshima chini ya kwapa. Tukagawana kazi: mimi nisimame upande wa C, yeye upande wa D. Nilitarajia dakika chache. Loo! Aliitetea D kana kwamba ni shamba la baba yake. Ati C imejaza kwake kwa uzembe, sasa inataka kula kwa jirani? Ati kesho ikijaa tena? Nikapunguza ombi langu. Akaongeza kidogo. Tukanywa chai. Mwishoni akatoa nusu, kwa sharti kwamba C isirudi tena. Nikaapa kwa niaba ya C.

Nikabonyeza. Mstari wa buluu ukaanza kutambaa kwenye skrini. Taratibu, vizuri, kama trekta. Ulikuwa umepita katikati Wekoye alipoweka kikombe chini.

"Mkwe, hii kazi tumeiombea?"

Tukatazamana. Hatukuwa tumeiombea! Tulishikwa na mambo ya D. Nikapendekeza tuombe huku mstari ukiendelea. Akakataa kabisa. Ati nani huombea chakula akiwa ameshakula nusu sahani? Ati yeye ni mzee wa kanisa, mtu akimwuliza atasema nini? Nikaona ana haki. Kazi isimame, tuombe, tuanze upya kwa utaratibu. Kitufe cha kuacha kilikuwapo pale pale, kikubwa, cha kupendeza. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika.

Wekoye aliomba kwa kina. Aliombea mvua, mahindi, wasafiri, Edah, na C na D waishi kwa amani. Amina. Tukafungua macho.

Skrini nyeusi! Maandishi meupe. Nikazima, nikawasha. Mashine inasema haioni mfumo wowote wa kuiendesha. C hakuna. D hakuna. Zimeifuata B!

Sielewi. Nyimbo zilikuwa mahali pawili.

Wekoye hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alisimama dirishani akanipa mgongo, akasema ameanza kusahau jinsi Edah alivyokuwa akiipandisha ile sauti kwenye ubeti wa mwisho. Alitumaini Jumamosi atakumbuka. Kisha akachukua kofia yake akaenda.

Nimeifunika kompyuta kwa kitambaa chake. Waruguru aliporudi nilimwambia inapumzika.

Ijumaa, 5 Agosti.

Fundi wa mjini ameitazama, akatikisa kichwa. Akauliza kama kuna nakala. Nikasema ipo, ndani ya D. Akaita mwenzake aje anisikie nikirudia.

Nikabuni mpango. Waruguru aimbe nyuma ya pazia, kwa sauti ya Edah! Hapo ikabidi nimweleze kila kitu. Hakupiga kelele. Alisema, "Baba Mary Ann, keti." Akaingiza mkono kifuani akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani ya fundo, kijiti kidogo cha kuhifadhia kazi, wanakiita flashi. Siku ile nilipokuwa kwenye Bonde la Ufa, Mary Ann alinakili nyimbo zote humo.

Ndiyo maana hakuihitaji atlasi!

Waruguru alimpigia Wekoye papo hapo. Nilimsikia mzee yule kwenye simu akilia. Nami nilitoka nje kumtazama kuku.

Nilipomwomba Waruguru hiyo flashi niikague, aliirudisha kifuani.

Jumapili, 7 Agosti.

Kumbukumbu ya jana ilifana. Mary Ann alikuja na CD, ameiandika kwenye kompyuta ya rafiki. Edah aliimba. Ubeti wa mwisho ulipofika sauti ikapanda, na Wekoye akanishika mkono hadi vidole vikauma. Hakuna aliyesogea, hata watoto.

Baadaye watu waliuliza wimbo ulinusurikaje. Nikawaeleza umuhimu wa nakala, kwa kirefu, mpaka chakula kikaletwa.

Nimetafakari kosa letu, nami nimelipata. Ni moja tu: maombi yalichelewa.

Wekoye anakubali. Tena amenivuta kando. Kanisa lao limepata kompyuta, ina orodha yote ya waliobatizwa, na C yake imejaa. Mimi na yeye kesho kutwa. Tutaanza na maombi, kisha mpaka. Waruguru ameuliza nakala itawekwa wapi. Swali gani hilo? D, bila shaka, ndiko kwenye nafasi.

Na nikifika nitaangalia kwa makini. Huenda B iko Chwele.