Chuma Nchani mwa Bawa

Jumatatu, 4 Machi
Bawa la kushoto la ndege ninayoijenga karibu linakwisha! Limejaa sebule nzima, makochi yako uani. Mkaguzi wa ndege anakuja Jumamosi. Akilikataa, mama watoto ameapa kuezekea banda la kuku kwa bati lake. Zimebaki ribiti za nchani tu, zile pini za kuunganishia mabati. Shida ni kwamba ribiti hupigwa na watu wawili: mmoja nje na nyundo ya upepo, mwingine ametumbukiza mkono ndani ya bawa, ameshikilia chuma kizito ili ribiti ipondeke. Kule nchani ni kwembamba, na mkono wangu umenenepa. Shemeji, kaka yake mama watoto, fundi bomba, ana mikono kama fimbo. Nikamwomba kwa unyenyekevu. Akakubali, ila jina lake liandikwe ubavuni mwa ndege karibu na langu. Makubwa! Ndege nijenge mimi, yeye achangie kiwiko!

Jumatano, 6 Machi
Mbinu: sabuni. Nilijipaka mpaka begani. Mkono ukaingia vizuri kabisa. Kutoka ukagoma. Nimekula chakula cha mchana nikiwa nimevaa bawa, mama watoto akinilisha kwa kijiko na kuniuliza kama marubani wote hula hivyo. Aliyenitoa ni shemeji, kwa mafuta ya kupikia na maneno mengi. Eti yeye angekuwa ameshamaliza. Nikamwambia asante. Moyoni nilimtukana.

Alhamisi, 7 Machi
Akili ni mali! Nimefunga chuma kwenye mpini wa ufagio kwa utepe wa gundi. Mama watoto nje na nyundo, mimi nasukuma mpini ndani. Tatatata! Ribiti zikakaa moja baada ya nyingine. Nani kama mimi? Ya mwisho ilipokaa tu, utepe ukaachia. Chuma kikaanguka, kikateleza mpaka nchani kabisa. Nikachokoa kwa mpini, kikazidi kwenda. Nimwite shemeji? Heri nife. Nikafunga kifuniko cha tundu la kuingizia mkono, nikamsihi mama watoto afunge na mdomo.

Jumamosi, 9 Machi
Mkaguzi alipitisha kidole juu ya ribiti, akazisifu. Kichwa kikanivimba. Kisha akainua bawa upande mmoja. Kongolo, kongolo, kong! Akauliza ni nini hicho. Nikasema bati linajinyoosha. Akainua tena. Shemeji, aliyejileta bila kualikwa, akacheka mpaka akakaa chini. Mkaguzi akasema hajawahi kuona bawa lenye mzigo ambao mwenzake hana. Atarudi wiki ijayo, mara ya mwisho. Shemeji akasema anakitoa sasa hivi, mkono wake unafika. Sharti ni lile lile. Nikamfungulia mlango wa kutokea. Nje, mama watoto alikuwa anapima banda. Aibu imeniumiza, nakiri.

Jumapili, 10 Machi
Usiku ni mshauri mwema! Maneno ya mkaguzi nimeyaelewa. Tatizo si chuma. Tatizo ni usawa! Nimetafuta chuma kingine cha uzito ule ule, nitakitia nchani mwa bawa la kulia, kwa makusudi. Shemeji abaki na kiwiko chake. Hata mama watoto amelainika. Asubuhi ameniuliza bawa la kulia litakuwa na urefu gani, na kama ribiti zangu zinavuja mvua ikinyesha. Hatimaye ameanza kuipenda ndege yangu!