Suruali Iliyokunjwa Mguu wa Kulia

Jumatatu, 7 Julai 2025

Saba Saba. Pamba imeshapimwa, Dutwa nzima haina kazi, watu wanatafuta pa kukaa. Banda langu la video lilipata watazamaji watatu. Wa kwanza alilala. Wa pili alikuja kuchaji simu. Wa tatu aliingia kuuliza banda la Mayala liko wapi.

Mayala! Yuko ng'ambo ya barabara, hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu. Projekta yake ina doa la manjano katikati. Benchi zake zina misumari iliyotokeza. Na mwaka wa sita sasa anaonyesha filamu ileile, Njia ya Juu, sehemu ya kwanza mpaka ya saba, halafu anaanza upya. Chombo cha chuma kinazunguka angani kikitafuta sayari ya nyumbani iliyopotea. Hakifiki. Sehemu saba na hakifiki! Lakini banda linajaa mpaka madirishani. Kuna mfugaji amempa ndama wake jina la roboti mdogo wa filamu hiyo. Na benchi ya mbele kabisa, kila wiki, amekaa Nyanjige. Mama yangu mzazi. Mwenye mtoto mwenye banda!

Leo nimechoka kuwa mpole. Nimemwendea mwenyekiti wa kitongoji, mama Esteria, nikamwambia tushindane kama vyama vya Wagika na Wagalu vinavyoshindana ngoma: siku moja, saa moja, uso kwa uso, kila mmoja na uwanja wake, na asiye na watu anakunja vifaa vyake. Mama Esteria amesema tangu utoto hajaona mashindano ya ngoma za umeme. Mayala ameitwa, amekubali bila kunitazama. Jumamosi saa tisa alasiri, wote tunaonyesha Njia ya Juu. Atakayeshindwa anafunga banda, na hafungui tena banda hapa Dutwa.

Nimetia sahihi. Banda hili ndilo kitu pekee nilichoanzisha ambacho hakijafa. Likifa nalo, narudi kulima pamba ya shemeji. Afadhali nilime mwezini.

Jumanne, 8 Julai

Upelelezi. Lazima nijue siri ya Mayala. Nimeingia bandani kwake nimevaa helmeti ya pikipiki, kioo nimeshusha. Mama hakugeuka hata kidogo. Alisema tu, "Mwadila, Anatoli." Mwadila, nikaitikia salamu, na nikakaa juu ya msumari.

Filamu ni ya kizungu, hakuna anayeielewa. Mayala anakaa pembeni na kipaza sauti anatafsiri. Nilitegemea makelele na vichekesho. Kweli, kapteni mwenye jicho la chuma anamwita Bujiku wa Bariadi, na watu wanacheka. Kisha chombo kikapita karibu na sayari ya bluu. Mayala akashusha sauti. Akasema hiyo ni ya Milembe, aliyekwenda mwaka jana wakati wa palizi, na kwamba mguu wake umepona. Nyuma yangu mwanamke akasema ahsante. Taratibu, kama mtu aliyepewa salamu kutoka Maswa.

Ikaja nyingine, ya kijani. Hiyo nayo ina mwenyewe. Na nyingine. Hakuna aliyecheka tena. Banda lilikuwa na joto, na mimi ndani ya helmeti nilisikia pumzi yangu tu.

Ikaja sayari ya mchanga mweupe. Mayala akakisogeza kipaza sauti karibu na mdomo. Halafu akasema: hapa yuko Maduhu wa Dutwa. Anatembea kwa miguu. Anauliza baiskeli yake iko wapi.

Maduhu ni marehemu baba yangu. Mama aliziba mdomo kwa kitenge. Mimi nilitoka nikiwa nimeloa shingo yote.

Naandika hapa kwa kuwa shajara haina mdomo. Baiskeli ya baba nilimpa Elia wa Ipililo, tukabadilishana na projekta yangu hii. Mama nilimwambia imeibwa pale kwenye mizani ya pamba. Alilia siku mbili. Ukweli tunaujua watu wawili tu, mimi na Elia. Nimempigia Elia nikamfokea kwamba ana mdomo mwepesi. Ameapa kwamba hamjui Mayala, hajafika Dutwa tangu mvua za vuli, na baiskeli anaifungia ndani na mbuzi wake.

Basi Mayala amebahatisha. Mtu akitaja wafu wengi, lazima mmoja awe na baiskeli.

Jumatano, 9 Julai

Nimekwenda Bariadi mjini, nimenakili sehemu zote saba kwenye flashi. Nimerudi na basi la saa tano na nimeangalia peke yangu bandani, mlango wazi, jua kali nje. Bila tafsiri filamu inachosha. Wazungu wanabonyeza vitufe.

Sehemu ya Tano, dakika ya arobaini. Mchanga mweupe. Kapteni anaongea na roboti. Nyuma yao, mbali sana, kuna mtu anatembea.

Sikuwahi kumwona kwa Mayala, labda kwa sababu ya lile doa la manjano. Nimesimamisha picha. Nimekwenda mpaka kwenye shuka la kuonyeshea. Mtu mdogo kama punje ya mtama. Amekunja suruali mguu wa kulia, mpaka chini ya goti. Mguu wa kushoto ameuacha.

Hivyo ndivyo anavyokunja mwendesha baiskeli, mnyororo usimng'ate. Lakini hana baiskeli.

Nimelifuta shuka kwa kitambaa chenye maji. Hakufutika. Waigizaji wa nyongeza wanavaa ovyo siku hizi.

Alhamisi, 10 Julai

Mayala ana dawa ya mvuto. Ni wazi! Wacheza ngoma wote wakubwa wanayo, ya kuvuta watu uwanjani. Kwa hiyo nimepanda mabasi mawili mpaka Lingeka kwa mzee Mboje, aliyewatengenezea dawa Wagalu wa zamani. Ni mzee mdogo wa mwili, anafuga kuku weupe watupu.

Akaniuliza ngoma zangu ni zipi. Nikamwambia ni projekta, spika na shuka. Akafikiri. Akasema mchezaji lazima awe mwenye ngoma kwa haki, kwa kuwa dawa hii inaita watu kwa kupitia vifaa, na kifaa kina kumbukumbu ya kilikotoka. Je, vyote ni vyangu kwa haki?

Nikasema ndiyo. Akaniuliza mara ya pili. Nikasema ndiyo, kwa sauti kubwa kidogo. Kuku wote wakaacha kudonoa. Sijui kwa nini nimeliandika hilo la kuku.

Amenipa kifurushi cha majani. Nikifukie kizingitini, nikiruke mara tatu, na niite wote waipendao filamu hii waje. Dawa haibagui, alisema, na wewe usimbague atakayekuja. Sikuelewa, nikapeana naye mkono.

Ijumaa, 11 Julai

Nimefukia. Nimeruka. Nimeita. Mchoma mahindi wa jirani aliniona naruka na akaniuliza kama nimeumwa na siafu.

Mchana nimefanya mazoezi ya kutafsiri. Niko vizuri mno. Kapteni wangu anasema banda la Anatoli lina feni. Roboti anasema banda la Anatoli halina misumari. Nilikuwa nacheka mwenyewe mpaka nilipofika dakika ya arobaini.

Amesogea. Juzi alikuwa punje, leo ni kimo cha kidole changu cha kati. Nimepima. Amevaa koti la kijivu lenye kifungo kimoja, na kofia aliyoishusha usoni. Koti lile nalijua. Kifungo cha pili kilikatika tukilivuta mikono yake ipite, asubuhi ile tulipokuwa tunamvisha kwa mazishi. Mimi ndiye niliyekitia mfukoni. Bado ninacho, kimo kwenye kopo la misumari.

Niliogopa. Naandika wazi, niliogopa kweli. Kisha nikarudisha nyuma nikaangalia tena, akawa amesogea kidogo zaidi.

Ubora wa nakala za Bariadi haueleweki.

Jumamosi, 12 Julai

Siku ya vita. Saa nane na nusu watu walifurika, kutoka Dutwa yenyewe na vijijini, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu. Nilisimama mlangoni juu ya dawa yangu nikitabasamu. Walipita wote. Walinisalimia vizuri kabisa, wakavuka barabara, wakaingia kwa Mayala.

Mama alikuja peke yake mpaka mlangoni kwangu. Aliangalia kizingiti, akaniangalia. Akauliza kama kwangu nitaonyesha ile sayari ya mchanga. Nikasema ndiyo, na picha ni safi, haina doa. Akauliza nani atanitajia wenyewe wa sayari. Nikasema sayari hazina wenyewe, mama. Akaniwekea mkono kichwani kidogo kama nina homa. Akavuka barabara.

Iliniuma. Sina namna nyingine ya kuandika. Iliniuma sana.

Saa tisa kamili nikaanza Sehemu ya Tano, mbele ya benchi tupu kumi na mbili. Nilitafsiri yote! Sikuruka hata neno. Ilipofika dakika ya arobaini nikainua macho. Mchanga mweupe. Kapteni. Roboti. Nyuma yao hakuna mtu. Mchanga mtupu mpaka mwisho wa picha.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilijikuta nasema kwenye kipaza sauti: Maduhu hayupo.

Benchi ya nyuma ikalia, kama inavyolia mtu mzito akikaa.

Sikugeuka. Nilitafsiri Sehemu ya Tano mpaka mwisho nikiwa nimekodolea shuka, na yote niliyotafsiri hayakuwa na maana. Nyuma yangu kulikuwa na harufu ya pamba mpya na grisi ya mnyororo. Wakati majina ya waigizaji yanapanda, benchi ililia tena, ikanyamaza.

Mama Esteria aliingia na matokeo. Kwa Mayala watu mia moja na arobaini na wengine wa madirishani. Kwangu sifuri. Nikamwonyesha sakafu yangu ya udongo. Nyayo za katambuga, mistari ya tairi imejichora vizuri, zimevuka dawa kizingitini, zimekwenda moja kwa moja mpaka benchi ya nyuma. Nikamwambia aandike moja. Akaziangalia. Akasema zinaingia, hazitoki, sasa mtu mwenyewe yuko wapi? Niliinama nikachungulia chini ya benchi. Aliandika sifuri na akaondoka haraka, mtu ambaye hana kawaida ya kuharakisha.

Jumapili, 13 Julai

Asubuhi nimeamshwa na vigelegele vya mama. Baiskeli ya baba imeegemezwa ukutani nyumbani. Kengele yake, kiti chake kilichopasuka, mkwaruzo wa siku alipoanguka na gunia. Kwenye rimu na kwenye spoki kuna mchanga mweupe. Huku kwetu udongo ni mweusi wa mbuga. Mchanga wa namna ile sijauona hata mtoni.

Saa mbili Elia akapiga simu analia. Baiskeli imetoweka jana alasiri, mlango umefungwa, kufuli zima, mbuzi wote wamesimama kona moja mpaka sasa na hawataki kula. Nikampa pole.

Mama aliifuta kwa kitenge chake kipya, spoki moja baada ya nyingine. Ule mchanga hakuutupa, ameufunga kwenye pindo la kitenge. Alisema sasa anajua baba amefika, ameweka kitu chake mahali pake, anaweza kupumzika. Alisema ndiyo sababu wanakwenda kwa Mayala miaka yote, kusikia tu kwamba marehemu wao wako mahali, kwamba njia bado ipo. Filamu ingekuwa ya kuku wangekwenda vilevile. Kisha akanishika mkono, "Ng'wanone, mwanangu, itunze hii," akaniapisha kwa jina la baba kwamba haitatoka tena nyumbani.

Niliapa. Nililia pia, mbele ya majirani. Nilitaka kumwambia yote. Kengele ya kanisa ikalia, akawa anachelewa, basi.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeamka na akili mpya! Nimeusoma mkataba kwa makini. Unasema nisifungue tena banda. Haujasema chochote kuhusu stoo ya pamba. Stoo ya shemeji ni tupu mpaka msimu ujao, na inachukua watu mia tatu. Nilichokosa mimi kwa Mayala si watu, ni sauti. Nahitaji spika mbili kubwa.

Na nani ana spika mbili kubwa? Elia wa Ipililo.

Mama akiwa sokoni, nimempelekea Elia baiskeli. Nimemwambia ni nyingine, inafanana na ile yake iliyopotea. Elia ameshangaa sana kwamba hata mkwaruzo unafanana. Mbuzi wake walipoiona wakarudi kona yao. Spika nimerudi nazo kwenye gari la pamba.

Mama nimemwambia imeibwa. Safari hii hakulia. Alikaa anatazama barabara, akauliza tu kama mlango wa hiyo stoo ninayohamia una komeo la ndani. Nikamwambia asihofu, mlango utakuwa wazi kwa wote.

Alasiri hii nimefunga mitambo na kujaribu. Sehemu ya Tano. Sikuhitaji kusubiri dakika ya arobaini, yumo tangu picha ya kwanza. Kapteni hayupo, roboti hayupo. Amejaza shuka lote, kutoka kwenye kofia mpaka kwenye ile suruali iliyokunjwa mguu wa kulia. Anakuja mbele, na safari hii hatembei, anakimbia. Spika zinatoa kila kishindo cha katambuga, mpaka mabati yanatetemeka.

Sauti safi kabisa. Mayala amekwisha!