Malalamiko Kuhusu Watu Wawili Kutaka Taa Moja

Muleba, 12 Agosti 1976

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji,

Pokea salamu za kazi. Mimi Protase Karugendo, mwuzaji wa dirisha la magharibi katika duka la ushirika la kijiji chetu, nalalamika kwa heshima zote juu ya onyo ulilonipa.

1. Duka lina stoo moja na madirisha mawili. Dirisha la mashariki ni la Ndugu Joviana. Jumanne ilibaki taa moja ya chemli. Nilichungulia stoo, nikaiona, nikarudi kumwambia Mama Benigna, ambaye mkwewe alikuwa karibu kujifungua: "Ipo." Joviana naye alishachungulia, akamwambia Tata Rugaibula, anayeozesha binti: "Ipo." Hakuna aliyesema uongo. Tulipoifuata, yeye alishika mpini, mimi kitako. Kioo kikavunjika. Mama Benigna alilia mbele za watu, nami sikujua pa kuweka uso. Mjukuu alizaliwa salama, kwa taa ya kuazima parokiani.

2. Nikashauri tuwe tunachungulia mara mbili. Alhamisi likabaki jembe moja. Tulichungulia mara mbili. Wote tuliliona mara mbili.

3. Nikabuni kofia. Aliyeivaa ndiye aingie stoo, mwenzake asubiri. Siku mbili hapakuwa na ugomvi hata kidogo. Jumatatu nilikwenda Nshambya kumwona dada yangu, nikasahau kuivua. Joviana, kwa nidhamu ya kupigiwa mfano, alisimama mlangoni mwa stoo kutwa, na kijiji kizima kikala ndizi bila chumvi. Ndipo ukaniita mhujumu.

4. Kosa si langu, wala la kofia. Ni la wananchi kutaka kitu kimoja kwa wakati mmoja. Naomba mkutano mkuu uazimie kwamba kaya za mashariki ziwe na shida Jumatatu na Jumatano tu, za magharibi siku nyingine. Harusi na uzazi viombewe kibali.

Wasalimie wajumbe wote, walimu, na wanaopalilia kahawa ya kijiji.

Wako katika ujenzi wa ujamaa,
Protase Karugendo

N.B. Joviana amesoma barua hii akacheka mpaka akakaa chini. Anasema, "Protase, kamata kitu kwanza, ndipo useme kipo." Nimejaribu asubuhi hii kwa mche wa mwisho wa sabuni. Imefaa. Basi naomba uichane barua, na onyo libaki palepale.