Ini Langu na Juisi ya Karoti

Jumatatu, 3 Machi

Ijumaa napimwa ini. Makarani wote wa masjala walio katika kipindi cha majaribio watapimwa afya, na asiye mzima hathibitishwi kazini. Mimi nimejiandaa mapema. Tangu mwezi uliopita nakunywa juisi ya karoti asubuhi, mchana na jioni, kulisafisha ini. Dada, ninayekaa kwake, analalamika kwamba blenda yake inanuka shamba. Haelewi sayansi.

Leo nimenawa mikono kazini nikaona viganja vimekuwa vya manjano. Nikanawa tena. Manjano ikang'aa zaidi.

Jumanne, 4 Machi

Nimesoma kitabu cha afya. Ngozi ikigeuka manjano, huenda ini limeshindwa kazi. Nimeongeza karoti.

Nimekwenda kazini na glavu za sufu za Dada. Kiyoyozi, karani wa meza ya pili, anayeitwa hivyo kwa kuwa hatoki jasho hata bosi akifoka, ameuliza kama nimekuja kufungua mafaili au kuvunja benki. Masjala nzima ikacheka. Maneno yale yamenikata maini. Na huu si wakati wa kukatwa maini.

Alhamisi, 6 Machi

Glavu hazifunui karatasi. Bosi ameniamuru nizivue. Kiyoyozi akaviona viganja. Nikasubiri mzaha. Akasema polepole, "Ndugu yangu, hiyo si ya kuchekea. Kesho mwambie daktari kila kitu."

Kiyoyozi kunihurumia! Nimeandika wosia. Redio apewe Dada. Meza yangu ya dirishani apewe yeyote, ila Kiyoyozi.

Ijumaa, 7 Machi

Daktari, mama mmoja mtulivu, ameuliza nasikia nini. Kwa hofu nikajibu kwamba mwenzangu ofisini amenikata maini. Akauliza upasuaji huo ulifanyika chumba gani.

Nikamwonyesha viganja. Akanivuta kope, akasema macho ni meupe kabisa. Ini likiugua hivyo, na macho nayo hugeuka manjano. Akauliza nakula nini. Nikamweleza. Akaweka kalamu chini.

Kumbe ni rangi ya karoti tu. Nikiacha, itaisha. Akanitoa damu hata hivyo, huku akinifundisha kwamba ini ni masjala ya mwili: chakula kikishasagwa, karibu chote hupitia hapo kwanza. Huweka akiba ya sukari, huvunja sumu, hutengeneza nyongo ya kulainisha mafuta. Hata likikatwa kipande, hukua tena. Sijawahi kusikia karani akisifiwa hivyo.

"Ini halisafishwi, mwanangu," akasema. "Lenyewe ndilo msafishaji. Liache lifanye kazi yake."

Jumatatu, 10 Machi

Ini zima! Nimethibitishwa kazini. Kiyoyozi pia. Amenipa mkono, kisha akaukagua wake kama umeshika rangi. Nimecheka hadi machozi. Wosia nimeuchana. Nimekula chakula cha jioni kama mtu aliyefunguliwa gerezani, na Dada amerudishiwa blenda yake.

Jumatano, 12 Machi

Daktari alikataza karoti, na karoti sijagusa. Nimemtii neno kwa neno. Ila kuhusu figo hakusema lolote. Kwa hiyo tangu jana nakunywa juisi ya bitiruti, nyekundu kama wino wa bosi, jagi zima kila mlo.

Leo asubuhi mkojo umetoka mwekundu. Kumbe uchafu wote huo ulikuwa humo. Afadhali nimewahi.